Flett Yupi?

Ukishuka Portarvie, hapa pwani ya Uskoti, ukauliza nyumba ya Flett, utachekwa, tena utachekwa usoni. Nyumba sabini na mbili zimepangana pale ufukweni, zimeigeuzia bahari ubavu kwa sababu ya upepo, na katika hizo sabini na mbili, hamsini na tisa ni za akina Flett. Wazee husema ndugu watatu walikuja kutoka visiwa vya Orkney, huko kaskazini, katika mashua moja iliyojaa magunia na ugomvi. Wakaoa hapa hapa, wakazaa, na watoto wao wakaoana na watoto wa wenzao. Jina likatambaa pwani nzima. Likawafuata samaki wa heringi hadi kusini Uingereza, likapanda meli za Kanada na Nyuzilandi, na kila lilipofika likazaa tena.

Na kwa desturi yetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, hakuna mjadala. Basi tukawa na akina William Flett tisa, James Flett kumi na mmoja, Barbara Flett wanne, wote kijiji kimoja. Sasa nani ni nani? Ndipo kila ukoo ukawa na lakabu yake. Flett Dosi, Flett Latini, Flett Karoti, Flett Pum. Usidhani lakabu ni utani wa watoto. Imo katika daftari la shule, imo katika orodha ya wapiga kura, inachongwa hadi kwenye jiwe la kaburi. Flett asiye na lakabu, kwetu, ni nusu mtu.

Barbara Flett Dosi, ambaye kila mtu alimwita Babbie, alibeba barua za kijiji hiki miaka thelathini na saba. Aliianza kazi hiyo akiwa msichana wa miaka ishirini na tatu, baba yake alipokufa maji na nyumba ikabaki na wanawake watupu. Alikuwa mfupi, mwenye miguu ya kutembea na mdomo wa kujibu, na kalamu ya risasi ilikaa nyuma ya sikio lake la kulia kutwa nzima. Mwandiko wa kila mtoto wa Portarvie aliyekwenda ugenini aliujua. Akiona bahasha tu, kabla hajasoma, atakwambia: huyu ni binti wa Latini, yuko Glasgow, na ana homa, tazama herufi zinavyolala.

Neno moja tu lilimwuma Babbie maisha yake yote, nalo ni neno la herufi tatu ambalo hakuliandika.

William Flett Pum alikuwa mzee mrefu, mzee wa kanisa, fundi wa nyavu, mjane. Hiyo lakabu ya Pum ilitoka kwa babu yake. Babu alisinzia kanisani katikati ya mahubiri, Biblia ikamponyoka kutoka viti vya ghorofani ikaanguka chini, pum! Mhubiri akanyamaza, kijiji kikacheka wiki mbili, na ukoo ukapata jina. William aliipenda lakabu ile kama watu wengine wanavyopenda shamba. Mwanawe wa pekee, James, aliichukia. Shuleni kila akikaa kitini, darasa zima, "Pum!" Akipiga goti kuomba, "Pum!" Akaja kumpenda msichana wa mji wa jirani, na yeye naye, siku ya kwanza tu, akasema, "Kwa hiyo nikiolewa nitakuwa Bi. Pum?" akacheka mpaka akashika mbavu. Mambo yakaishia hapo.

Mwaka elfu moja mia tisa ishirini na saba heringi zilikuwa hazina bei, na vijana walikuwa wanaondoka kwa makundi. James akakata tiketi ya Kanada. Siku ya kuondoka, mlangoni, majirani wamejaa kuaga, akasema kwa sauti, "Nashukuru Mungu, huko nitakuwa Flett basi. Bwana Flett. Nimeshachoka kuwa kelele ya kitabu kilichoanguka."

Mzee alibadilika rangi. Wangekuwa wawili tu labda angenyamaza, lakini watu walikuwa wanasikia.

"Flett ni kila mtu," alisema. "Flett ni kama heringi, tele, hata paka anachagua. Sisi ni Pum. Siku utakayoniandikia bila jina hilo, barua hiyo siyo yangu na siifungui. Watu wote hawa ni mashahidi."

Ulimi hauna mfupa. James akabeba sanduku lake, akapanda mlima kwenda stesheni, na hakugeuka nyuma. Miaka minne ikapita bila hata kadi ya mwaka mpya. Mama yake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kusema, jamani, mwandikieni mtoto.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, mwaka thelathini na moja, Babbie alifungua mkoba wa barua katika chumba cha nyuma cha duka la Bwana Gauld. Bwana Gauld ndiye aliyekuwa na duka na posta kwa pamoja. Hakuwa wa pwani. Alitoka bara, kwenye mashamba ya shayiri, na hakuwa na lakabu wala hakuitaka. Alikuwa bado juu anakunywa uji wake. Babbie alikuwa peke yake.

Bahasha ilikuwa ya samawati, stempu ya Kanada. Aliujua mwandiko ule kabla moyo haujadunda. James. Ile F yake yenye mkia mrefu, mwalimu alimchapa kwa ajili yake. Akageuza. Nyuma kulikuwa na anwani, sanduku la posta na namba, mahali fulani katika jimbo la Kolumbia. Akageuza tena mbele akasoma: "Bwana William Flett, Portarvie, Uskoti." Basi. Hapakuwa na Pum.

"Ewe James," akasema kwa sauti, "ewe kichwa kigumu wewe."

Sasa kulikuwa na utaratibu. Barua ikija bila lakabu inawekwa kwenye dirisha la duka, mwenyewe apite aione, aingie aseme ni yangu. Ikikaa wiki tatu haijachukuliwa, inapigwa muhuri, inarudi ilikotoka. Na mpeleka barua haandiki chochote juu ya barua ya mtu. Mwaka uliotangulia Babbie alimsaidia mtu kwa kuongeza "Karoti" kwenye bahasha, kumbe ilikuwa ya Latini, na ndani mlikuwa na maneno ya siri ya uchumba. Ilikuwa vita. Bwana Gauld alimwambia, "Bi Barbara, kalamu yako ikigusa tena barua ya mtu, utakwenda kukata samaki vichwa na wenzako." Na mshahara wa Babbie ndio uliomlisha mama yake.

Lakini Bwana Gauld alikuwa juu na uji wake. Babbie alikuwa na dakika kumi na tano. Kalamu ilikuwa sikioni. Herufi tatu tu, P, u, m, kwa ile mikia ya James, na mzee angeipokea mlangoni bila kuuliza. Aliishika kalamu. Hilo alilikumbuka vizuri hadi uzeeni, kwamba aliishika. Kisha akasikia viti vikisukumwa huko juu, akairudisha sikioni, na barua ikaenda dirishani, ikaegemezwa kwenye kopo la asali ya miwa, kati ya tumbaku na sabuni ya magadi.

Hadi saa nne asubuhi kijiji kizima kilikuwa kimeshaiona.

"Ya Pum hiyo," akasema Alec Karoti, mtu mnene ambaye hakuwahi kumaliza siku bila kumchokoza mtu. "Na hana ubavu wa kuichukua. Alijifunga mwenyewe mbele yetu."

"Ataichukua. Mtoto ni mtoto."

"Mzee Pum? Yule hata akizama atauliza kwanza kamba imeandikwa jina gani."

Wakacheka. Mzee akapita saa tano, kama kawaida yake, kwenda ukutani mwa bandari. Akasimama mbele ya dirisha kujaza kiko chake. Kiko hicho kilichukua muda mrefu kujaa kuliko siku zote. Akatazama, akaenda zake.

Kesho yake vile vile. Na keshokutwa. Babbie alimwona kila siku, naye kila siku akajisemea, ataingia leo. Mara moja alimkuta na nyavu zake mlangoni akaona amtupie kamba.

"Mzee Pum, kuna barua dirishani, sijui ni ya William gani. Ungeingia tu ukaitazama kwa karibu."

"Nina macho, Babbie."

"Basi unaiona."

"Naiona. Inasema William Flett. Nenda kamwulize William Latini, au yule wa Dosi, binamu yako. Wako tisa."

"Mzee, wewe unajua na mimi najua."

"Mimi najua nilichosema," akajibu, akapitisha sindano ya nyavu. "Mtoto wangu naye anajua nilichosema. Akitaka niifungue, jina analijua, halijabadilika. Nenda kazini, binti yangu."

Jumapili duka hufungwa na pazia hushushwa, kwa heshima ya siku ya Bwana. Hakuna kinachoonekana ndani. Hata hivyo Babbie, akitoka kanisani, alimwona mzee amesimama palepale mbele ya dirisha, kofia mkononi, anatazama pazia. Hapo ndipo angekwenda. Hapo ndipo angemwambia Bwana Gauld, nifukuze kazi ukitaka, na angeitoa ile barua na kuiweka katika mikono ya mzee. Hakwenda. Alisema moyoni, zimebaki wiki mbili, mzee atalainika. Na sheria ni msumeno, alisema, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa amekatwa.

Jua la mwezi wa sita likapausha wino. Wiki ya pili ikaisha, ya tatu ikaisha. Jumamosi asubuhi Bwana Gauld akaleta muhuri. Posta yetu ndogo ilikuwa na muhuri mmoja tu wa kurudisha barua, nao ulisema neno moja: HAJULIKANI. Akampa Babbie aupige. Akaupiga, katikati kabisa ya jina la William Flett. Gari likaja saa mbili, likachukua mkoba.

Jumatatu, kabla duka halijafunguliwa, Mzee Pum alikuwa mlangoni. Amevaa suti ya kanisani, amenyoa, na shavuni ana mkato mdogo uliokuwa bado unatoka damu.

"Nimekuja kuchukua barua yangu," akasema mzee. "Ile ya samawati. Ni yangu. Watu na waseme watakalo."

"Mzee..."

"Nimefikiri usiku kucha. Mtoto ameandika, basi. Hata kama ameandika nusu jina, ameandika. Nipe, mama."

"Imeondoka, Mzee. Juzi. Wiki tatu ziliisha."

Mzee akatazama dirisha. Pale palipokuwa na barua kulikuwa na kopo la asali peke yake.

"Imepigwa muhuri?"

"Ndiyo."

"Umesemaje huo muhuri?"

Babbie hakutaka kusema. Akasema.

"Hajulikani," mzee akarudia polepole. "Mimi, au yeye?"

Babbie akalia pale pale mbele ya duka, na mzee ndiye aliyembembeleza. Hilo nalo lilimwuma baadaye, kwamba aliyestahili kupozwa ndiye aliyempoza. Walijaribu. Mzee aliandika barua, kurasa mbili, na Babbie akaandika bahasha. Lakini anwani ya James, Babbie hakuikumbuka. Mwandiko anaukumbuka hadi mkia wa F, namba ya sanduku la posta hapana. Wakaandika James Flett Pum, Kolumbia, Kanada. Haikurudi, haikujibiwa. Kanada ni kubwa. Mzee aliendelea kupita dirishani kujaza kiko kila siku saa tano, mpaka baridi ya pili, mapafu yakamshinda. Jiwe lake lina Pum, kwa herufi kubwa kuliko Flett. Aliagiza mwenyewe.

Bwana Gauld akafa, duka likapata mwenye duka mwingine, vita vikaja vikapita. Babbie hakuolewa. Akajulikana kwa ukali wake. Mpeleka barua yeyote kijana aliyeletwa kumsaidia alifundishwa kitu kimoja kwanza: "Ukiujua mwandiko, peleka mlangoni. Wakikufukuza, niambie mimi." Watu walidhani ni maringo ya uzee.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Ya Babbie yalimfikia kwa miguu, mwezi wa nane mwaka sitini na mbili, zikiwa zimebaki wiki tano astaafu. Alikuwa dukani anapanga barua aliposikia vicheko huko mbele. Kijana wa miaka kama thelathini, mrefu, koti la mvua jipya, alikuwa amesimama katikati ya watu amechanganyikiwa.

"Natafuta ukoo wa Flett," alisema.

"Umefika!" akajibu Alec Karoti, aliyekuwa sasa mzee mwenye fimbo lakini mdomo uleule. "Chagua. Mimi mmoja. Yule pale wa pili. Hata paka wa hapa ni Flett. Flett yupi, mwanangu?"

"Sijui," kijana akasema, na masikio yakamwiva. "Nilipita Orkney kwanza, kabla ya kuja hapa Portarvie, kwa sababu vitabuni wanasema jina linatoka huko. Nimekaa siku mbili. Wapo wengi, wema, wamenipa chai. Wote wananiuliza hivyo hivyo, Flett yupi. Mimi ni Flett tu. Naitwa Howard."

Howard! Tangu wale ndugu watatu washuke kwenye mashua, hakuna Flett aliyewahi kuitwa Howard.

"Mtoto wa kwanza?" akauliza Babbie kutoka nyuma ya kaunta. Hata yeye hakujua kwa nini anauliza.

"Wa kwanza na wa pekee. Baba alifariki wakati wa baridi. Alikuwa mvuvi wa samoni huko Kolumbia. Hakuwahi kuniambia kijiji chake. Jina la Portarvie nimelikuta kwenye hii, sandukuni mwake." Akatoa bahasha mfukoni. "Haijafunguliwa. Sikuifungua, siyo yangu, ni ya William Flett. Nimekuja kuitafutia mwenyewe."

Ilikuwa ya samawati, imepauka upande mmoja. Juu yake, katikati kabisa, palikuwa na muhuri ule alioupiga Babbie.

Babbie akavua mkoba begani. Hakuwahi kuvua mkoba kabla ya kumaliza zamu, miaka yote hiyo. "Njoo nyumbani," akamwambia kijana. "Nyie wengine barua zenu zitangoja."

Alimkalisha jikoni, akamwekea bakuli la samaki wa moshi aliyepikwa na maziwa na viazi, kwa sababu mtu hapewi habari ya namna hiyo na tumbo tupu. Kisha akamwambia William Flett ni babu yake, na yuko kaburini miaka ishirini na tisa. "Wewe ndiye wa kuifungua sasa. Hakuna mwingine."

Howard akapasua bahasha kwa kisu cha siagi. Ilikuwa karatasi moja. Akaisoma kwa sauti.

"Baba, mke wangu ana mimba ya miezi saba. Akiwa wa kiume ataitwa William, hilo halina swali. Swali ni jingine. Hapa gatini tuko akina Flett watatu, mmoja wa Orkney, mmoja sijui wa wapi. Juzi msimamizi akauliza, Flett yupi? Nikasikia mdomo wangu unajibu, Pum. Nilicheka peke yangu hadi machozi. Naomba ruhusa yako mtoto naye aitwe hivyo, maana mimi nililitupa mbele za watu na siwezi kumpa kitu nilichokitupa bila wewe kunirudishia. Bahasha nilimwomba karani wa posta aandike nikimtajia, nikaona haya kumtajia Pum..."

Howard akasita, akageuza bahasha. "Lakini mwandiko ni uleule."

"Soma," Babbie akasema.

"...nikaona haya kumtajia Pum, akanipa kalamu akasema basi andika mwenyewe, na yeye akasimama juu ya bega langu anaangalia. Nikaandika nusu. Utanisamehe. Wewe utaujua mwandiko, na Babbie Dosi ataujua, yule hakosei. Nijibu kabla mtoto hajabatizwa. Mwanao, Jimmy Pum."

Howard akaiweka karatasi mezani akainyoosha kwa kiganja. "Pum ni nini?"

Babbie akamweleza. Biblia, ghorofa ya kanisa, pum. Kijana akacheka, cheko fupi lililokatika katikati. "Mimi nilibatizwa na miezi minne," akasema. "Mama alisema baba alikuwa anangoja kitu kutoka posta. Kilipofika, akasema mpeni jina lolote, lisiwe la mtu."

Hapo Babbie angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Bwana Gauld alikuwa mavumbi.

"Babbie Dosi ni mimi," akasema. "Niliujua mwandiko. Nilikuwa peke yangu na kalamu ilikuwa sikioni. Ningeandika herufi tatu, babu yako angeisoma asubuhi ile ile. Niliogopa kufukuzwa. Muhuri huo nimeupiga mimi kwa mkono huu. Babu yako alikuja siku mbili baadaye, amevaa suti."

Howard akaikunja karatasi, akaikunjua. Chakula kikapoa. Hatimaye akasema, wala hakusema kwa hasira, na ingekuwa afadhali kama angekasirika:

"Watu walikuwa wakimuuliza baba kwao wapi. Alikuwa anajibu, Uskoti. Wakimuuliza utarudi lini kuwaona, anasema, nina kwetu, ila hawanijui."

Babbie alimpeleka kaburini. Kijana akapitisha kidole kwenye zile herufi tatu, P, u, m, akazipiga picha. Jioni kulikuwa na basi. Kabla hajapanda, Babbie akachukua kalamu sikioni, akamwandikia anwani yake nyuma ya bahasha ile ya samawati: Barbara Flett Dosi. "Usisahau Dosi," akamwambia. "Tuko wanne." Howard akaitikia kwa kichwa, akashukuru kwa chakula, akapanda.

Babbie alifanya kazi wiki zake tano. Kila asubuhi alimwaga mkoba mezani akatafuta kwanza stempu ya Kanada, kabla ya kitu kingine chochote. Alipostaafu, akawa anapita dukani saa tano na kumwuliza mpeleka barua mpya kama kuna kitu. Kijana yule, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha, alikuwa anajibu kwa heshima sana. "Bado, Bi Dosi." Na yeye alikuwa anasimama kidogo mbele ya dirisha, palepale, halafu anaenda nyumbani.